Ukiwa Mgeni katika Nchi ya Wabudha

(Maneno ya hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, siku ya mkutano wetu.)



Kwanza naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya safari yangu ya Sri Lanka, akaongeza kwamba nisiseme habari za chai peke yake, maana hapa Njombe chai tunaijua. Nimemtii. Leo nitazungumza juu ya mila na chakula cha watu wa nchi ile, hasa Wabudha, na namna mgeni atokaye kwetu anavyoweza kukaa nao bila kuwaudhi na bila kujipoteza mwenyewe. Nitaeleza pia kosa moja nililolifanya mezani kwa watu, ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nalieleza kwa sababu katika shule hii tulifundishwa kwamba aliyekosea hesabu ubaoni asiifute haraka, aiache wenzake waione na wajifunze.

Huenda mwanafunzi wa kidato cha pili anajiuliza moyoni: mimi mtoto wa Makambako, Sri Lanka inanihusu nini? Namjibu hivi. Makambako ni njia panda. Barabara ya Mbeya na Zambia inapita pale, barabara ya kuja Njombe na kwenda Songea inaanzia pale, na reli ya TAZARA ina stesheni pale. Wazee wetu waliwaona Wachina wakiijenga reli hiyo katika miaka ya 1970 hadi 1975, wakistaajabu kuona watu wanakula wali kwa vijiti viwili. Kwa hiyo sisi tumezoea kuwatazama wageni na kuwahukumu. Huyu kaingia ndani na kofia, yule kawasalimu wazee mikono ikiwa mfukoni. Jambo tusilolizoea ni kuwa sisi wenyewe ndio wageni tunaotazamwa. Na siku hizi vijana wengi wa shule hii watatumwa nje, kwa masomo, kwa kazi au kwa biashara. Wengine watafika nchi ambazo hakuna msikiti wala kanisa katika kijiji kizima.

Mimi nilikwenda mwaka 2017, kwa mafunzo ya wiki tano kuhusu wakulima wadogo wa chai. Sri Lanka ni kisiwa kilicho kusini ya Bara Hindi. Zamani kiliitwa Ceylon, na jina hilo lilibadilishwa mwaka 1972. Tanzania yetu ni kubwa kuliko kisiwa hicho mara 14 hivi, lakini kina watu wapatao milioni 22. Sehemu za pwani ni joto kama Dar es Salaam. Ukipanda treni kwenda milimani, baridi inakupokea. Mji wa Nuwara Eliya uko mita zipatazo 1,870 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya kwanza nilipouona ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, nilidhani nimerudi Luponde. Chai ya biashara kule ilianzishwa mwaka 1867 na Mskoti mmoja aitwaye James Taylor. Miaka michache baadaye ugonjwa wa kutu ya majani uliiharibu mibuni, na chai ikachukua nafasi ya kahawa. Hapo nakoma habari za chai, nisije nikavunja ahadi yangu kwa Katibu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba tunaposema nchi ya Wabudha hatuna maana kwamba kila utakayekutana naye ni Mbudha. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2012, katika kila watu 100 wapatao 70 walikuwa Wabudha, 12 au 13 Wahindu, karibu 10 Waislamu, na 7 hivi Wakristo, wengi wao Wakatoliki. Wabudha wengi ni Wasinhala. Wafanyakazi wengi wa mashamba makubwa ya chai ni Watamili, na wengi wa hao ni Wahindu. Kwa hiyo usimwendee mtu na mila ambayo si yake. Msikilize kwanza, mtazame, ndipo ufuate.

Jambo la pili ni salamu. Msinhala akitaka kukusalimu kwa heshima hukutanisha viganja vyake mbele ya kifua, akainamisha kichwa kidogo na kusema "Ayubowan", yaani akuombea maisha marefu. Nawe fanya hivyo hivyo. Mwanamume asikimbilie kumpa mkono mwanamke, angoje mpaka mwanamke mwenyewe anyooshe wake. Watoto huwapigia magoti wazazi na walimu wao, na katika sherehe huwapa majani ya tambuu kwa mikono miwili. Nilipoyaona hayo sikushangaa. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri humwambia mzee "Kamwene" akiwa ameinama, na kitu hukitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko. Maneno ni mengine, lakini adabu ni ile ile.

Kuna jambo dogo lililonichekesha baadaye, ingawa siku ile halikunichekesha. Watu wa kule wakikubali jambo hutikisa kichwa upande huu na upande huu, polepole. Siku niliyosimama mbele ya darasa kueleza habari za wakulima wetu wa Lupembe, niliona vichwa vyote vinatikisika. Nikadhani wananikatalia. Nikarudia maelezo mara mbili, vichwa vikazidi kutikisika. Kumbe wote walikuwa wananiambia, "Tumekuelewa, endelea."

Jambo la tatu ni hekalu. Ukiingia katika eneo la hekalu unavua viatu na kofia. Mabega na magoti yafunikwe, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Wenyeji hupenda kuvaa nguo nyeupe. Saa saba mchana mawe ya uani huwa ya moto kama kikaango, kwa hiyo wenye akili hutia soksi mfukoni. Ukikaa chini usinyooshe miguu yako kuelekea sanamu wala kuelekea mtu. Mnara mtakatifu na mti mtakatifu huzungukwa kwa upande wa kulia, kama mshale wa saa unavyokwenda. Maua ya kutolewa hekaluni hayanuswi kwanza, maana kutoa ua ulilokwisha kulinusa ni kama kumpa mgeni chakula ulichokwisha kukionja.

Juu ya picha nawaonya hasa vijana. Usiipe sanamu ya Budha mgongo ili upigwe picha nayo, wala usiipande, wala usiifanyie mzaha. Hilo kwao si jambo la kucheka, na sheria inaingia. Mwaka 2012 watalii watatu wa Kifaransa walihukumiwa kifungo cha nje kwa sababu ya picha walizopiga wakiibusu sanamu. Mwaka 2014 mtalii mmoja Mwingereza alifukuzwa nchini kwa sababu alikuwa amechorwa picha ya Budha mkononi. Sikiliza vizuri, mkononi mwake mwenyewe, na tena alisema aliichora kwa kuipenda dini ile. Baadaye mahakama iliamuru alipwe fidia, lakini safari yake ilikuwa imekwisha kuharibika.

Jambo la nne ni watawa. Utawatambua kwa vichwa vilivyonyolewa na majoho ya rangi ya zafarani. Mtawa hapewi mkono. Mwanamke hamgusi wala hampi kitu mkono kwa mkono, anakiweka mahali, mtawa anakichukua. Mtawa akiketi, wewe keti mahali pa chini kuliko yeye. Katika mabasi viti vya mbele vimetengwa kwa viongozi wa dini. Mimi wiki ya kwanza nilikaa pale nikajisikia mtu mkubwa, mpaka konda aliponigusa bega akanionyesha maandishi. Tena watawa hawali chakula baada ya saa sita mchana mpaka kesho yake asubuhi. Kwa hiyo usimkaribishe mtawa chakula cha jioni ukadhani umefanya wema.

Na kila mwezi mpevu ni sikukuu nchi nzima, inaitwa Poya. Siku hiyo vileo haviuzwi. Mwenzetu aliyezoea ulanzi ajiandae. Mwezi mpevu wa Mei ni Vesak, ambayo ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Budha, kupata kwake mwanga, na kufa kwake. Nyumba hupambwa kwa taa za karatasi, na watu hujenga vibanda kando ya barabara wakawagawia wapita njia chakula bila malipo, bila kumwuliza mtu dini yake wala kabila lake. Mimi sikuwa kule siku hiyo, lakini kila mwenyeji alinisimulia, na kila mmoja alidai kibanda cha kijiji chake ndicho kilichokuwa na foleni ndefu.

Sasa nije kwenye chakula, maana naona wapishi wetu wameanza kutuchungulia mlangoni.

Chakula chao kikuu ni wali, kama kwetu ugali. Wali huja na vitoweo vingi kwa mara moja: dengu, samaki, maharagwe mabichi, viazi, majani yaliyokatwa-katwa na kuchanganywa na nazi iliyokunwa, na fenesi bichi lililopikwa mpaka likawa laini kama nyama. Pembeni huwekwa sambol, yaani nazi iliyokunwa ikapondwa pamoja na pilipili nyekundu, vitunguu na ndimu. Iheshimuni sambol. Mimi siku ya kwanza niliijaza sahani nikidhani ni kachumbari, nikatoa machozi mbele ya watu wazima. Ukizidiwa na pilipili usinywe maji, kula wali mtupu au mtindi. Mtindi wao wa maziwa ya nyati hutiwa asali ya mti wa jamii ya mitende, na chai kavu huweza kuletwa na kipande cha sukari guru, unauma sukari na kunywa chai. Asubuhi hula mikate myembamba mfano wa bakuli, au tambi za unga wa mchele zilizofumwa kama kikapu kidogo. Siku za heri, kama vile mwaka wao mpya katikati ya Aprili, hupika wali kwa tui la nazi, wakaushindilia na kuukata vipande. Ndugu zetu wa pwani wangejiona wako nyumbani.

Wanakula kwa mkono wa kulia, kwa ncha za vidole. Mkono wa kushoto haugusi chakula. Hapo kijana wa Njombe ana faida kubwa kuliko Mzungu, kwa kuwa mtu aliyefinyanga ugali tangu utoto hashindwi na wali. Wabudha wengi hawali nyama ya ng'ombe, na wengine hawali nyama kabisa, kwa sababu dini yao inakataza kuua kilicho hai. Samaki hata hivyo utamkuta katika nyumba nyingi. Ndugu zetu Waislamu wanaojali machinjo wasipate shida: wako Waislamu na mikahawa yao, na kwingineko mboga na samaki vipo tele.

Jambo jingine linawakanganya wageni kutoka huku. Kwetu mgeni hula kwanza, kisha mazungumzo yakaendelea mpaka usiku. Kule ukialikwa chakula cha jioni, mazungumzo hutangulia, tena marefu, na chakula huja usiku umekwenda. Mkimaliza kula, mnaaga. Mara ya kwanza mimi nilibaki nimeketi nikingoja maongezi, wenye nyumba wanasinzia nao wanashindwa kunifukuza.

Ndugu zangu, sasa naja kwenye kosa langu.

Mwenzangu mmoja wa mafunzo, mtumishi wa serikali kama mimi, alikuwa amefiwa na baba yake miezi mitatu kabla. Wasinhala huwapa watawa sadaka ya chakula kwa kumkumbuka marehemu, siku ya saba, mwezi wa tatu, na mwaka ukitimia. Akanialika nyumbani kwao, katika kijiji kimoja karibu na Kandy. Nikaenda. Watawa walifika asubuhi, wakaoshwa miguu mlangoni, wakaketi mahali palipotandikwa nguo nyeupe. Sahani moja ndogo yenye chakula kidogo cha kila aina iliwekwa mbele ya sanamu ya Budha. Watawa wakasoma, wakapewa chakula, wakala kimya kabla ya saa sita. Kisha wana wa marehemu wakashika birika kwa pamoja, wakamimina maji katika bakuli mpaka yakafurika, kuonyesha kwamba thawabu ya tendo lile inamfikia baba yao. Watawa walipoondoka, sisi wageni tukakaribishwa.

Mama mjane mwenyewe aliniletea sahani kwa mikono yake miwili. Mimi ni Mlutheri, nimelelewa katika nyumba ya Mlutheri. Nikaikumbuka ile sahani ndogo mbele ya sanamu, na katika kichwa changu yakaja maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya vyakula vya sanamu. Nikamwambia kwa sauti, mbele ya jamaa zake wote, "Samahani mama, dini yangu hainiruhusu kula chakula hiki."

Yeye hakujua lugha niliyosema, lakini aliona mkono wangu uliosukuma sahani. Alisimama pale kidogo nayo. Mwanawe akamwambia maneno kwa lugha yao. Akageuka akairudisha jikoni, na watu wakaendelea kula bila kunitazama.

Jioni mwenzangu alinisindikiza kituoni. Hakunilaumu. Nilipomwuliza mama yake alisema nini, alikaa kimya kwanza, kisha akanijibu: "Aliniuliza kama umeona chakula chake ni kichafu." Ndipo akanieleza kwamba chakula cha wageni kilitoka sufuriani, si kile kilichowekwa mbele ya sanamu. Akaniambia pia kwamba wao hawamhesabu Budha kuwa mungu. Kwao ni mwalimu, na sahani ile ni heshima kwa mwalimu. Na kwamba mama yake alikuwa ameamka saa tisa za usiku kupika.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka tulipomzika baba yangu pale Makambako. Watu walikuja wa dini zote na wasio na dini, wakala ugali na maharage ya msiba, na mama yangu, ingawa alikuwa amefiwa, alikuwa akiuliza, "Wageni wa mbali wamekula?" Nikajiuliza: lau angetokea mgeni mmoja akaisukuma sahani ya mama yangu siku ile, tungemsema mpaka leo. Nikafungua tena barua ile ya Paulo, nikaona kwamba nilikuwa nimekumbuka nusu yake tu. Yuko mahali anaposema kwamba asiyeamini akikualika, nawe ukapenda kwenda, ule uwekewacho bila kuulizauliza. Najua sehemu nyingine yake inatoa tahadhari, na wachungaji waliomo humu watanisahihisha nikipotoka. Lakini hakuna mahali nilipoambiwa nimwaibishe mjane mbele ya watu wake.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mwenzangu anirudishe kwao. Nilichukua matunda, nikampa mama kwa mikono miwili, nikamwomba radhi kwa kinywa cha mwanawe. Nikamwambia pia kwamba nina njaa. Alicheka, akaingia jikoni. Aliponiletea wali alisimama karibu yangu akinitazama, na kila nilipopunguza aliongeza. Aliuliza baba yangu alikuwa nani na alikufa lini, nikamweleza. Akakutanisha viganja vyake, akakaa kimya kitambo. Kisha akamwuliza mwanawe ni nani aliyenifundisha kula kwa mkono vizuri hivyo. Nikasema, "Ugali." Ilibidi nieleze ugali ni nini, na mazungumzo yakawa marefu.

Sasa somo nililolipata ni lipi? Sikupata somo kwamba kila kitu ukipewa ule, au kila wanachofanya ufanye. Tuna methali mbili zinazopingana. Moja inasema ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Nyingine inasema mwacha mila ni mtumwa. Msafiri anayeshika moja tu hupotea. Mimi nimejifunza kuyagawa mambo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la heshima. Kuvua viatu, kukutanisha viganja, kuketi chini ya mtawa, kula kwa mkono wa kulia, kutoipa sanamu mgongo. Hayo hayana imani ndani yake zaidi ya ile ya kumstahi mtu. Yafanye bila wasiwasi. Mgeni Mbudha akiingia katika kanisa letu akavua kofia, hatusemi amebatizwa.

Fungu la pili ni la ibada. Kusujudu, kutoa maua mbele ya sanamu, kuitikia maombi. Hayo kama dhamiri yako haikuruhusu, usiyafanye. Wala Wabudha hawakulazimishi. Keti nyuma kwa utulivu, funga mdomo, usicheke, usipige picha. Hakuna aliyeninung'unikia kwa kutokusujudu.

Fungu la tatu ni yale usiyoyajua kama ni heshima au ni ibada, kama sahani yangu. Dawa yake ni kuuliza, na kuuliza mapema. Kama ningemwuliza mwenzangu siku ya kualikwa, "Ndugu yangu, chakula hicho ni cha namna gani, nami nina shaka hii," angenieleza pale pale. Na kama bado ningeona siwezi kula, angemwandaa mama yake, ningeletewa chai na ndizi, wala pasingekuwa na aibu. Mtu mwenye mwiko, iwe nyama, iwe kileo, iwe chakula cha ibada, ana haki ya mwiko wake. Lakini auseme kabla sufuria haijapanda motoni, asiuseme sahani ikiwa imekwisha kufika mikononi mwake.

Ndugu Mwenyekiti, haya hayahusu Sri Lanka peke yake. Hapa kwetu tuna msitu wa Nyumbanitu ambao Wabena wameuheshimu tangu enzi za mababu. Watu hawaingii pale kama wanavyoingia sokoni. Mgeni huongozwa na wenyeji na kufuata miiko yao, awe Mkristo, Mwislamu au mtalii. Tunamtazama mgeni anayefanya hivyo, na anayekataa pia tunamtazama. Sasa tunachokitaka kwa mgeni wetu, tukipeleke nasi tunapokuwa wageni.

Na kijana asiseme kwamba atangoja mpaka apate nauli ya ndege. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, liko hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi huku enzi za ukoloni, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni miongoni mwa mahekalu ya zamani zaidi ya dini hiyo katika Afrika. Mtakuta pale mti mtakatifu, wa jamii moja na mikuyu yetu. Anayesoma Dar es Salaam akapata nafasi, aende, avue viatu mlangoni, aulize atakayo. Atakuwa ameanza mazoezi.

Wadogo zangu, mtakaposafiri mtachukua pasi, cheti cha chanjo na sweta, kwa maana mtu wa Njombe hatembei bila sweta hata akienda jua kali. Chukueni na hili: wenyeji hawatakumbuka sana mlisema nini darasani. Mimi nina hakika yule mama hajui hata leo kwamba nilikwenda kwao kwa ajili ya chai. Anajua kwamba alikuja mgeni Mwafrika akakataa chakula chake, na kwamba wiki ya pili alirudi akala. Namshukuru Mungu kwamba nilipata hiyo wiki ya pili. Wasafiri wengi hawaipati, ndege yao inaondoka kesho yake.

Naona mwalimu wa zamu ameshatazama saa yake mara tatu, na maharage yananukia. Mwenye mwiko wowote kwa chakula cha leo amwone mpishi sasa hivi.